Mwaka wa Kutikisa Sanamu

Mjukuu wa Tabitha ndiye aliyeuliza. Ilikuwa mwezi uliopita, nyumbani kwa Tabitha huko Gilgil, tumekaa uani chini ya hema la kukodi, sahani za pilau magotini, na mezani keki yenye jina la Tabitha ikisubiri upepo utulie ndipo mishumaa iwashwe. Binti huyo yuko chuo kikuu sasa, amezoea kuniona kwa nyanyake tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na nadhani hata hakutarajia jibu refu. "Shosho, kwani wewe na Auntie Chebet mlijuana aje?" Tukajibu kwa pamoja. Mimi nikasema, "Kazini." Tabitha akasema, "Alikuja na mdosi wake kumtoboa binti yangu miguu." Hema zima likatugeukia. Halafu Tabitha akaanza kucheka kile kicheko chake cha kukohoa, vumbi la mawe la maisha yote likiwa bado kifuani, nami nikacheka mpaka kijiko kikaanguka, na ikabidi tusimulie. Tulisimulia kwa kupokezana, kila mmoja akimsahihisha mwenzake, hadi pilau likapoa na mishumaa ikasahaulika. Nilipokuwa nikirudi Nakuru jioni ile niligundua kwamba moyo ulikuwa unanidunda kama wa msichana wa miaka ishirini na mitatu. Ndiyo maana naandika. Nimejenga madaraja tangu wakati huo, na matangi ya maji, na madarasa. Lakini hakuna mwaka mwingine ambao nikiukumbuka nashindwa kutulia kwenye kiti.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya uhandisi, na kazi ya kwanza niliyoipata ilikuwa kwa Injinia Mutai. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu na dawa za mifugo, na kila ukifungua dirisha harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe ilipanda na kukaa nawe mpaka jioni. Kulikuwa na meza mbili, birika la umeme, na rundo la ramani za mitaro. Mutai alikuwa mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa Mau Narok, asiyekubali kuharakishwa na mtu wala jambo. Miezi ya kwanza ya mwaka ule nilipima mitaro tu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba maisha yangu yote yatapitia mtaroni, hadi asubuhi moja alipoingia mama mmoja aliyevaa koti la buluu, akaketi bila kuambiwa, akatandaza picha juu ya ramani zetu. Alikuwa Bi. Nyokabi, mkuu wa makumbusho madogo ya sanaa pale mjini. Alikuwa ametoka mkutanoni nchi za nje, na huko wenzake walimwonyesha picha za ukumbi wa sanamu uliopitiwa na tetemeko la ardhi.

"Oneni," akasema. "Nyumba haikuanguka. Ukuta mzima, dari nzima, hata balbu ziko. Lakini sanamu zote ziko chini, vipande vipande. Sasa mimi tangu nirudi silali vizuri. Kwani sisi tunaishi wapi, Injinia? Si tuko ndani ya Bonde la Ufa? Kila mara vikombe vinalia kabatini tunasema ni lori imepita. Siku moja haitakuwa lori. Nataka mniambie zangu zipi zitaanguka."

Mutai alizitazama picha moja moja, kwa mwendo wake wa kawaida, huku chai yake ikipoa. Kisha akanigeukia. "Chebet, leo una kazi gani?"

"Mtaro wa kule stadiamu."

"Mtaro utangoja," akasema, na nakumbuka nilishuka zile ngazi nikiruka mbili mbili.

Makumbusho yenyewe yalikuwa ghala la ngano la wazungu wa zamani, kuta nene za mawe, dari ya juu ya mabati ambayo jua likipanda ililia kama mtu anayenyoosha viungo. Ndani mlikuwa na baridi hata saa sita mchana, na sakafu ilinukia ile polishi nyekundu tuliyokuwa tukisugulia madarasa shuleni. Sanamu zilisimama mistari miwili kila moja juu ya kiweko chake, yaani kile kisanduku cha simiti kinachoinyanyua sanamu ifike usawa wa macho: vichwa vya mti wa mutarakwa, fahali wa shaba, ndege wa vyuma chakavu, familia nzima za jiwe laini la Kisii. Nyokabi alinitembeza akinitajia kila mchongaji kama anayenitambulisha kwa wakwe. Tulipofika mwisho wa ukumbi akasimama kando, akaniachia nafasi. Hapo ndipo nilipomwona Anachungulia.

Hilo ndilo jina aliloandikiwa kwenye kibao, na lilitosha. Alikuwa mwanamke wa jiwe la kijivu lenye mistari ya waridi, mrefu kunipita, amesimama kwa vidole vya miguu, mkono mmoja juu ya macho, mwili wote umeinama mbele kama mtu aliyefika ukingo wa kreta ya Menengai na kuona kitu kule chini ambacho wengine hawajakiona. Alikuwa ameinama kupita kiasi. Macho yangu yalimwona akianguka kabla akili haijasema kwamba hajaanguka, na mwili wangu ukarudi nyuma wenyewe. Nyokabi akacheka. "Kila mtu hurudi nyuma," akasema. "Hata wabunge." Nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu ni lini nilijua kwamba uhandisi ni kazi yangu ya kweli. Huwa nawajibu mambo ya heshima kuhusu hesabu. Ukweli ni kwamba nilijua pale, nikiwa nimerudi nyuma hatua moja, mikono imenisisimka, nikijiuliza: huyu amesimamaje?

Wiki zilizofuata zilikuwa tamu ajabu. Nilipewa meza katika chumba kidogo kilichotenganishwa na ofisi ya Nyokabi kwa plaiwudi, nikaanza kupima. Nilipima urefu, upana wa kitako, nikakadiria uzito, nikatafuta kila sanamu uzito wake umejikusanya wapi, juu au chini, mbele au nyuma. Kitu kirefu chenye kitako chembamba huanguka upesi, hilo kila mtu anajua; sufuria haianguki kama chupa. Lakini kulikuwa na jambo jingine nililolisoma vitabuni nisiliamini: kwamba vitu viwili vikiwa na umbo lile lile, kimoja kikubwa na kingine kidogo, kile kidogo ndicho hutangulia kuanguka. Siku moja saa nne, wafanyakazi walipokusanyika kwa chai na mandazi, nikaweka juu ya trei vipande viwili vya mbao vya umbo moja, kimoja kikubwa mara tatu ya mwenzake, nikamwomba mama wa kufagia aitikise. Kidogo kikalala. Kikubwa kikayumba, kikafikiria, kikasimama. "Rudia!" wakasema. Nikarudia. Kila mtu akataka kutikisa trei. Chai ilimwagika, na hakuna aliyejali, hata Nyokabi mwenyewe alivua saa ya mkononi akashika trei kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo walinifuata ukumbini wakiniuliza, "Na huyu? Na huyu je?" nami nikabandika vibandiko: kijani kwa zilizo salama, manjano kwa za kusaidiwa, nyekundu kwa zilizo hatarini. Sanamu ndogo tulizishika kwa nta laini chini ya kitako. Viweko vyepesi tulivijaza mchanga. Ndege wa vyuma tulimwongezea bamba pana chini ya miguu. Kupitia ile plaiwudi nilimsikia siku moja Mutai akimwambia Nyokabi, "Huyu msichana ana jicho. Nilikuwa namtesa bure na mitaro." Nilikaa pale na penseli mdomoni, nisithubutu hata kuvuta kiti.

Anachungulia alipata nyekundu, bila shaka. Mutai alikuja mwenyewe, akamzunguka mara kadhaa, akapiga goti, akaangalia vidole vile vya miguu vilivyobeba jiwe zima. Suluhisho lake lilikuwa la kawaida: kutoboa kwa drili kutoka chini ya kitako, kupitia vifundo, na kupitisha nondo ya chuma mpaka magotini. Kwa hiyo Nyokabi akampigia simu aliyemchonga, na kesho yake Tabitha akaja kutoka Gilgil.

Nilikuwa nimetarajia mtu mwembamba mwenye shanga nyingi. Akaingia mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, gambuti zenye vumbi jeupe miguuni, kitambaa kichwani, mikono mikubwa kuliko ya Mutai. Hakutusalimia kwanza. Alienda moja kwa moja kwa Anachungulia, akamshika bega kama anayemwamsha mtu, ndipo akageuka. "Haya. Ni nani anataka kutoboa?"

Mutai akaeleza, polepole, kwa heshima. Alieleza vizuri sana. Tabitha alimsikiliza hadi mwisho.

"Injinia, umesema vizuri, nimeelewa," akasema. "Lakini ukimwekea chuma, atakuwa ameshikiliwa. Sivyo?"

"Ndiyo, Mama. Ndiyo maana yake. Hataanguka."

"Basi hachungulii tena. Ananing'inia." Akaweka kidole kwenye vifundo vile. "Mimi nilikaa naye karibu mwaka nikitafuta mahali ambapo anaweza kuinama na bado ajisimamie. Nikikosea kidogo tu, anaenda. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Kila mtu akiingia hapa anaogopa, kwa sababu kweli anaweza kuanguka. Ukimfunga, nitajua. Na nyinyi mtajua. Hiyo hapana."

"Na tetemeko likija?" Nyokabi akauliza.

"Likija limkute amesimama mwenyewe."

Niliangalia sakafu. Nilikuwa upande wa bosi wangu kwa kila hesabu niliyokuwa nimefanya, na moyo wangu wote ulikuwa upande wa huyu mama wa gambuti. Leo hii, nikikaa kwenye vikao na wasanii, wakandarasi na watu wa serikali, bado nausikia mvutano huo ndani yangu, na nimejifunza kuupenda. Ndio unaonifanya nirudi mezani. Wakati ule ulinitia hofu. Hofu ikazidi siku chache baadaye, nilipomsikia Nyokabi kwa ile plaiwudi akizungumza na mwenyekiti wa bodi. Ukumbi ulikuwa ufunguliwe upya muhula wa tatu, shule zianze kuja, na bodi haikutaka jiwe zito juu ya vichwa vya watoto wa watu. "Nimesikia, Mwenyekiti," alikuwa akisema, sauti imempungua. "Isipopatikana njia, tutamlaza stoo. Ndiyo. Tutaweka picha yake badala yake." Baada ya hapo sikusikia kitu isipokuwa mabati yakilia.

Mchana huo Mutai alinipeleka kula. Tulipenda kwenda kwenye kihoteli kimoja nyuma ya soko, meza zimevishwa plastiki yenye maua, chapati zikipikwa pale pale mlangoni. Tuliagiza chapati na ndengu. Nilimwambia niliyoyasikia, nikamwambia pia, kwa haraka kabla ujasiri haujaniishia, kwamba Tabitha ana haki. Nilidhani atakasirika. Alimaliza kutafuna, akafuta mikono, akaingiza kidole mfukoni mwa koti na kutoa gololi ya chuma, ya aina ile inayotoka kwenye beringi kuukuu ya lori. Akaiweka ndani ya sosa ya chai yake.

"Isukume," akasema.

Nikaisukuma kwa kidole. Ikapanda ukingo, ikashuka, ikapanda upande wa pili, ikarudi, mwisho ikatulia katikati.

"Ukichukua sahani mbili za chuma," akasema, "uzibonyeze katikati kama hii sosa, moja itazame juu, nyingine uifunike juu yake, na gololi katikati. Weka vituo hivyo kila pembe, na kiweko juu yao. Ardhi ikienda huku, gololi zinabiringika, na yeye anabaki alipo. Ardhi ikitulia, uzito wake mwenyewe unamrudisha katikati. Hakuna aliyemshika. Nimesoma kwamba wengine wamefanya. Mimi sijawahi."

Nilisukuma ile gololi tena na tena. Nilikuwa nimesahau kula. "Kwa hiyo ardhi iende zake, yeye aendelee na shughuli yake ya kuchungulia!"

"Ikiwa hesabu zitakubali. Na hesabu utafanya wewe."

"Hiyo sosa msinivunjie," mwenye hoteli akatuambia kutoka kwenye chapati zake, na sisi wawili tukacheka mpaka watu wa meza nyingine wakageuka.

Fundi mmoja wa vyuma kule viwandani alitutengenezea sahani. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angezijaribu kwa Anachungulia mwenyewe. Tulihitaji mwingine wa kuanguka badala yake, na tulihitaji kitu cha kumtikisa. Hitaji la pili Mutai alilitatua kwa simu moja. Shemeji yake, Mzee Kiptoo, alikuwa na shamba kubwa la viazi Mau Narok, na mashine ya kuchambulia viazi, ile yenye kichujio kipana cha chuma kinachotikisika ili viazi vidogo vidondoke na vikubwa vibaki. La kwanza lilitupeleka Elburgon, kwenye kiwanda kimoja cha mbao, ambako niliagiza mwili wa mbao wa urefu ule ule na mwinamo ule ule, wenye tumbo wazi la kujazwa mawe mpaka uzito ulingane. Nilikuwa nimechora kitu kama sanduku lililopinda. Tabitha alikuja kukiona, akakizunguka kati ya vumbi la mbao, akasema, "Huyu ni nani? Kabati?" Akaomba patasi. Nilimweleza kwamba atavunjwa tu, kwamba hakuna atakayemwona. "Mimi nitamwona," akasema. Akakaa pale siku nzima, misumeno ikilia pande zote, akamchonga mabega, shingo, na mwishowe, akisema ni jambo la dakika moja tu, uso. Nilimshikia taa ya mkononi na kupuliza vumbi. Aliniuliza kwa nini nilisomea kazi ya wanaume. Nikamuuliza kwa nini alichonga mawe. Sote wawili tukasema hatujui, na tukaelewana kuanzia hapo.

Siku ya kutikisa ilikuwa Jumamosi yenye jua kali na upepo baridi, ile hali ya Mau Narok ambapo uso unaungua na vidole vimekufa ganzi. Shamba zima lilikuja kuona. Mke wa Mzee Kiptoo alikuwa amechemsha viazi sufuria nzima, na tukala tumesimama, viazi vya moto vikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, chumvi mfukoni mwa Mutai. Tulifunga jukwaa la mbao juu ya kichujio, tukampandisha mwanamke wa mbao kwenye kiweko chake, kwanza bila sahani wala gololi, ili tuone. Mzee Kiptoo alishika swichi. "Hii mashine imetikisa viazi miaka yote," akatangaza. "Leo inatikisa mwanamke. Mungu atusamehe." Akawasha.

Mwanamke wa mbao hakuchukua muda. Aliyumba mara mbili, akasimama kwa makali ya vidole kama anayetaka kuruka, akaenda, uso mbele, akapiga ardhi kwa kishindo nilichokisikia kwenye meno. Watu walipiga kelele, wengine wakacheka. Tabitha hakucheka. Alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na nilipomgusa mkono niliona ametokwa na machozi. "Ni mbao tu, Mama," nikamwambia. "Najua," akasema. "Lakini ndivyo atakavyoanguka. Sasa nimeona." Mutai alikuwa karibu, akasikia, na hakusema lolote kuhusu nondo. Nilimheshimu sana kwa hilo.

Tukampandisha tena, mara hii juu ya sahani na gololi. Mzee Kiptoo akawasha. Jukwaa likatetemeka mpaka likawa ukungu, gololi zikalia kama mvua ya mawe juu ya bati, na mwanamke wa mbao akasimama. Alisimama tu! Mashine ilikuwa inakimbia chini yake kama mwendawazimu na yeye akiwa ameweka mkono juu ya macho, anatazama mashamba ya ngano. "Ongeza!" nikapiga kelele, nikisahau kabisa adabu. "Ongeza, Mzee!" Akaongeza. Mwanamke akasimama. Wafanyakazi walirusha kofia, mke wa Mzee Kiptoo akapiga vigelegele, na mimi nikajikuta nimemkumbatia Tabitha, tunaruka pamoja katika tope na gambuti zetu.

Mutai peke yake hakuruka. "Mashine inatikisa haraka na kwa kifupi," akasema. "Ardhi inaweza kwenda polepole na mbali." Akaomba trela. Tukamhamishia kwenye trela ya trekta, dereva akaambiwa aende mbele kwa ghafla, asimame, arudi nyuma kwa ghafla. Mara ya kwanza akabaki wima. Mara ya pili dereva alikanyaga kwa nguvu, gololi zikafika ukingo wa sahani, zikagonga, na mwanamke wetu akaruka nje ya trela na kupoteza mkono. Kisha nikamsikia mtu akisema, "Sahani ni ndogo! Ni ndogo tu! Zikiwa pana angerudi!" na ilikuwa sauti yangu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye trela nikipima kwa vidole mahali gololi zilipogonga. Mutai aliinama, akaangalia. "Basi nenda ukafanye hesabu upya," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa anatabasamu waziwazi. Nilizifanya kwenye meza ya jikoni ya Mzee Kiptoo, kuku wakipita miguuni, na kabla ya jua kushuka nilikuwa na upana mpya. Wiki mbili baadaye tulirudi na sahani pana, na yule mwanamke mwenye mkono mmoja akapanda trela. Dereva alifanya kila alichoweza kumwangusha. Hakuanguka.

Tukabaki na Anachungulia mwenyewe. Tulimnyanyua kwa kapi la mnyororo na mikanda ya turubai, Tabitha akitembea kando huku amemshika kiganja, tukamweka juu ya kiweko kipya na kuacha nafasi ya kutosha kutoka ukutani. Bodi ilikuja kutazama: watu sita wa suti, wakiwa wamesimama mbali kidogo. Mwenyekiti aliuliza swali la haki kabisa. "Huyo wa mbao tumesikia. Na huyu? Mnajuaje?"

Mutai alisema kwamba ingewezekana kumvuta kidogo kwa kamba na kumwachilia. Nyokabi akamtazama Mutai. Mutai akanitazama mimi. Nilijua hesabu zilikuwa sahihi. Nilikuwa nimezirudia mpaka nikaziota. Lakini mikono yangu haikutaka kwenda. Kulikuwa na jiwe moja tu la namna ile duniani.

Tabitha akavua sweta, akanipa nishike. Akaenda nyuma ya kiweko, akaweka viganja vyake vikubwa kwenye simiti, na kusukuma kwa mwili wote.

Kiweko kikaenda. Anachungulia akaelea mbele, kuelekea suti zile, na suti zote sita zikarudi nyuma kwa pamoja zikigongana. Kisha akasita, akarudi, akapita katikati, akarudi tena, kila mara kwa ufupi zaidi, akatulia. Hata vumbi halikuanguka begani mwake. Tabitha alisimama pale akihema, akamtazama, halafu akatazama bodi. "Bado anajisimamia," akasema. Mwenyekiti ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Ukumbi ulifunguliwa, shule zikaja, mwaka ukaelekea ukingoni. Nilikuwa nimeanza kazi nyingine lakini nilikuwa nikipita pale mara kwa mara, kwa kisingizio cha kukagua nta. Alasiri moja ya Novemba, mvua ndogo ikinyesha, darasa lilikuwa limetoka tu kwenda kupanda basi lao na mimi nilikuwa peke yangu ukumbini, nilipolisikia lile lori. Nilingoja lipite. Halikupita. Mabati yakaguna, vioo vya madirisha vikaanza kulia, na sakafu ikasogea chini ya miguu yangu, kwa upole, kama mtu anayevuta mkeka ulioukalia. Nilipaswa kukimbia, ndivyo nilivyowafundisha wafanyakazi wote. Sikukimbia. Niliona ndege wa vyuma akitetemesha mbawa. Niliona vichwa vya mutarakwa vikitikisika kwenye nta kama watu wanaokataa jambo. Na mwisho wa ukumbi nilimwona Anachungulia, jiwe zima, tulivu kabisa, huku ardhi ikienda zake na kurudi chini ya kiweko chake. Kisha kila kitu kikanyamaza. Hakuna kilichoanguka, hata kimoja. Nje watu walikuwa wakiitana na kucheka kwa woga.

Simu yangu ikalia kabla sijaikumbuka. Alikuwa Tabitha, kutoka Gilgil, nyuma yake mbwa wakibweka.

"Mmesikia huko?"

"Tumesikia, Mama."

"Bado anachungulia?"

"Bado. Hata hajajua."

Nikasikia akivuta pumzi ndefu. Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Na wewe, Chebet? Umesimama?"

Ndipo nilipojiangalia. Mgongo wangu ulikuwa umeegemea ukuta, miguu imenyooka mbele yangu juu ya polishi nyekundu, na machozi na kicheko vilikuwa vikitoka pamoja, sijui tangu lini.

"Hapana, Mama," nikasema. "Mimi nimekaa chini."

"Basi kaa hapo hapo," Tabitha akasema. "Nakuja tumwangalie pamoja."